Nepi za kitambaa kwa mtoto aliyekua: kwa nini zinavuja kabla hazijajaa, na uchague zipi

Umembeba mtoto mgongoni kwa mbeleko. Ana miezi 10, kilo zake tisa na ushee, na nepi umembadilisha hata saa moja haijapita. Mara unahisi joto kidogo kiunoni, halafu ubaridi. Tayari, imevuja. Unafika nyumbani, unaivua, unaibonyeza upande wa nyuma, na kumbe ni mkavu kabisa. Sasa imevujaje wakati haijajaa?

Dada yangu aliuliza swali hilohilo mwaka jana. Alinunua nepi za kufua mtoto akiwa na miezi mitatu, akafurahi, akaacha kununua pampasi (hizi nepi za kutupa, ambazo mtaani zote tunaziita hivyo hata kama kampuni ni nyingine). Mtoto alipofika miezi tisa mambo yakabadilika: kila siku shuka mbichi, kila siku gauni limelowa, na upele juu. Alikuwa amebakiza kidogo tu azigawe zote. Mimi nasomea kemia, kwa hiyo nikaombwa ushauri kana kwamba nepi ni mada ya mtihani. Nilipoanza kuchimba nikagundua kwamba kweli ni mada ya mtihani, na ina fizikia, kemia na baiolojia ndani yake.

Kama na wewe una mtoto wa miezi tisa na kuendelea na unafikiria kuanza nepi za kitambaa, au unazo na zimekushinda, hebu twende pamoja taratibu.

Mtoto amebadilika

Tuanze na kibofu. Kwa mtoto aliyefikisha mwaka, kuna kanuni rahisi ambayo madaktari hutumia kukadiria ujazo wa kibofu: chukua umri wake kwa miaka, jumlisha 2, kisha zidisha kwa 30. Jibu ni mililita. Mtoto wa mwaka 1 anapata (1 + 2) × 30, yaani mililita 90. Wa miaka 2 anapata mililita 120. Kibofu cha kichanga hakifiki hata nusu ya hiyo 90.

Lakini jambo linalosumbua zaidi ni jinsi mkojo wenyewe unavyotoka. Kichanga hukojoa kidogo kidogo, karibu mara moja kwa saa. Kitambaa chochote kinaweza kunywa matone hayo bila haraka. Mtoto aliyekua hukojoa mara chache zaidi, ila akikojoa anamwaga. Yaani kitambaa kilekile kilichozoea kijiko sasa kinamiminiwa nusu kikombe cha chai kwa mkupuo, sehemu moja, ndani ya sekunde chache. Kisipouvuta haraka, mkojo unatafuta njia rahisi zaidi, na njia hiyo ni pembeni mwa paja.

Hapo ndipo jibu la dada yangu lilipo. Nepi yake ilikuwa na nafasi, tatizo lilikuwa kasi.

Usiku kuna hesabu nyingine. Mtoto mdogo hutengeneza mkojo kiasi cha mililita 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. Mtoto wa kilo 10 akilala saa 10, hiyo ni mililita 100 hadi 200, na kama bado ananyonya usiku inaweza kuzidi. Kwa hiyo nepi ya mchana na nepi ya usiku zina kazi mbili tofauti. Ya mchana inahitaji kasi, ya usiku inahitaji ujazo. Watu wengi wananunua aina moja, halafu wanalaumu nepi zote.

Maji yanakaa wapi ndani ya kitambaa?

Ukiangalia uzi wa pamba kwa karibu sana utakuta umejengwa kwa selulosi, mnyororo mrefu wa sukari uliojaa vikundi vya oksijeni na hidrojeni ambavyo vinapenda maji. Maji yanaingia ndani ya uzi wenyewe, na uzi unavimba. Mbali na hapo, kati ya uzi na uzi kuna nafasi nyembamba, na maji hupanda kwenye nafasi hizo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Kadiri nafasi inavyokuwa nyembamba, ndivyo mvuto unavyokuwa mkubwa.

Sasa linganisha na poliesta, ambayo ni plastiki. Uzi wake hauingizi maji karibu kabisa. Ukiziacha zote mbili kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65, pamba itashika maji kama asilimia 8 ya uzito wake, lakini poliesta ni kama asilimia 0.4 tu.

Utauliza, mbona zile pedi nyeupe laini zinazokuja ndani ya nepi nyingi za bei nafuu ni za poliesta, na zinanyonya vizuri? Hizo huitwa maikrofaiba. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo nafasi kati yake ni nyingi na ndogo sana. Zinavuta maji upesi kwa nguvu ile ya utambi. Kwa kasi, ziko vizuri. Tatizo ni kwamba maji yote yamekaa kwenye nafasi tu, hayakuingia ndani ya uzi. Ukikamua, yanatoka. Ni sponji ya kuoshea vyombo.

Na mtoto aliyekua ni mkamuaji hodari. Anakaa kitako kwa kishindo, anapanda kiti, anabebwa kwa mbeleko iliyokazwa barabara. Mbeleko ndiyo mtihani mgumu kuliko yote, kwa sababu uzito wake wote unakandamiza nepi kwenye kiuno chako huku mapaja yametanuka na lastiki za miguu zimefunguka kidogo. Maji yaliyokuwa kwenye maikrofaiba yanahamia kwako. Ndiyo maana nepi inavuja ikiwa nusu tu.

Kuna vitambaa vingine utakavyovikuta sokoni. Lebo ikisema "mianzi", ujue kwamba kwa kawaida ni viskosi: mti umeyeyushwa kwa kemikali, ukabaki selulosi, ukafumwa upya kuwa uzi. Inashika maji mengi kuliko pamba ya kawaida, lakini hukauka polepole. Hempu (mmea wa ukoo mmoja na bangi, ila kitambaa chake hakileweshi mtu) inashika maji mengi katika unene mdogo, lakini inayavuta taratibu na inahitaji kufuliwa mara nyingi kabla haijafikia uwezo wake. Ukiielewa tabia ya kila kimoja unaweza kuvipanga: chenye kasi juu, karibu na mtoto, na chenye ujazo chini yake. Angalizo moja ni kwamba maikrofaiba isiguse ngozi moja kwa moja, maana inaikausha na kuikwaruza. Ifunike kwa kitambaa kingine.

Na pampasi je? Humo ndani kuna chembechembe za sodiamu poliakrileti, plastiki ambayo ikikutana na maji inageuka kuwa jeli na haiachii hata ikikandamizwa. Kwa maji yaliyochujwa kabisa inaweza kushika mara mamia ya uzito wake. Kwa mkojo, wenye chumvi, uwezo unashuka mpaka makumi tu, lakini bado ni mwingi. Ukitaka kuona, chana pampasi mpya, toa chembe hizo, weka maji zivimbe, halafu nyunyizia chumvi ya mezani. Jeli itaanza kuachia maji mbele ya macho yako. Ni jaribio zuri la darasani. Nalisema hili ili tuwe wakweli: hakuna kitambaa kinachoifikia jeli hiyo kwa ubishi wa kushika maji. Kitambaa kinashinda kwa mambo mengine.

Kinachonyonya sana ndicho kinachochelewa kukauka

Hapa wengi tunasahau. Dukani unauliza "inanyonya kiasi gani?" Ukiwa nyumbani mwezi wa nne, mvua ya masika haikatiki, swali linageuka kuwa "itakauka lini?"

Pedi nene iliyoshonwa tabaka sita au nane pamoja inashika maji vizuri kwa sababu ileile inayoifanya isikauke. Maji ya katikati hayana njia ya kufika hewani. Ukiianika asubuhi, jioni nje ni kavu na ndani bado mbichi, na ubichi huo ndio unaoleta harufu ya uvundo.

Angalia sasa walichofanya bibi zetu. Walichukua kanga iliyochakaa, wakaikata, wakaikunja, wakampiga mtoto winda. Tufanye hesabu. Kipande cha pamba cha sm 70 kwa sm 70 kina eneo la sm za mraba 4,900, na ukihesabu pande zote mbili ni 9,800 zinazogusa hewa kikiwa kwenye kamba. Kikunje katikati mara tatu, unapata tabaka nane, na eneo linalogusa hewa linashuka mpaka 1,225. Ni kitambaa kilekile na maji ni yaleyale, lakini kikiwa wazi kina eneo la kukaukia mara nane zaidi. Kinakunjwa kwa kuvaliwa, kinakunjuliwa kwa kuanikwa. Pedi iliyoshonwa haiwezi kufanya hivyo.

Kwa hiyo winda lile la zamani halikuwa dalili ya umaskini tu. Ni jibu zuri kwa tatizo gumu, na likivalishwa kava la kisasa linafanya kazi kwa mtoto wa miezi 10 au mwaka na nusu vizuri kuliko nepi nyingi za maua maua.

Kuna sababu nyingine ya kupenda kitambaa kinachotenganishwa na kava, nayo ni nzi. Katika maeneo mengi ya Afrika yetu kuna nzi wa tumbu, Cordylobia anthropophaga. Jike hutaga mayai kwenye mchanga au kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na harufu ya mkojo na kinyesi inamvutia sana. Mayai yakianguliwa, lava akigusa ngozi anapenya na kutengeneza kitu kama jipu lenye kiumbe ndani. (Usimchanganye na funza wa miguuni, huyo ni kiroboto.) Kinga yake unaijua: anika juani, juu ya kamba na si kwenye majani, halafu piga pasi ya moto pande zote mbili. Ila kava la nepi lina utando wa plastiki, poliyurethani, na pasi itauharibu. Kama pamba na kava vimeshonwa pamoja huwezi kupiga pasi. Vikiwa mbalimbali, unapiga pasi pamba, na kava unalianika ndani ya nyumba karibu na dirisha lenye wavu. Kava ni jembamba na hukauka haraka.

Upele unatoka wapi?

Wengi huamini kwamba mkojo ndio unaounguza. Mkojo mbichi peke yake hauna ukali huo. Ndani yake kuna yurea, ambayo haina harufu kali. Bakteria waliotoka kwenye kinyesi wana kimeng'enya kinachoitwa yurease, ambacho huvunja yurea na kutoa amonia. Ndiyo ile harufu inayokuchoma macho ukifungua ndoo ya nepi asubuhi.

Amonia inapandisha pH kwenye ngozi. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo. pH ikipanda, vimeng'enya vilivyomo kwenye kinyesi, vile vya kumeng'enya protini na mafuta, vinachangamka na kuanza kumeng'enya tabaka la juu la ngozi ya mtoto. Ongeza unyevu na msuguano wa mtoto anayetambaa, upele huo. Kwa hiyo mchanganyiko wa mkojo na kinyesi ni mbaya kuliko kimoja peke yake.

Kutokana na hayo, kinyesi kitolewe mara moja, usiseme "nitambadilisha tukifika". Nepi yenye mkojo ibadilishwe kila baada ya saa mbili au tatu mchana. Na weka kipande chembamba cha flisi juu ya pamba. Flisi ni poliesta, na hapa ule udhaifu wake unageuka kuwa faida: haishiki maji, inayapitisha tu yakavutwe na pamba ya chini, na ngozi inabaki kavu kiasi. Mablanketi mepesi ya mtumba mara nyingi ni flisi, unaweza kukata mwenyewe.

Kama wekundu ni mkali, uko mpaka ndani ya mikunjo, na pembeni kuna vipele vidogo vilivyotawanyika, inaweza kuwa fangasi wa Candida. Hapo kubadilisha nepi hakutoshi, nenda zahanati.

Mtoto anayekula ugali na ndizi ana nafuu moja kwako: kinyesi chake kina umbo. Kidondoshe chooni kabla ya kufua. Kinyesi cha mtoto kina vijidudu kama cha mtu mzima, kwa hiyo kisiishie kwenye karo wala uani.

Nepi nzuri inavyoharibiwa kwa sabuni

Nepi ikianza kugoma kunyonya, kabla hujaitupa, chunguza mambo haya.

Kwanza, ni mpya? Pamba ghafi ina nta ya asili. Ifue mara nne au tano kwa maji ya moto kabla ya kuitumia. Watu wengi wameikataa nepi nzuri siku ya kwanza.

Pili, mafuta ya mgando. Tunayapenda, na yanamkinga mtoto kweli, lakini yakihamia kwenye kitambaa yanafunika nyuzi na maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la mgomba. Paka kidogo na weka kile kipande cha flisi katikati. Kitambaa kilichokwisha kulowa mafuta kisugue kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya moto, kisha suuza sana. Dawa za kulainisha nguo zina kosa hilohilo: zinaacha utando. Usitumie.

Tatu, maji ya kisima. Kama unaishi mahali ambapo sabuni haitoi povu, maji yako ni magumu, yaani yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Sabuni ya mche ikikutana nayo inatengeneza ule utando mweupe unaouona kwenye beseni. Utando huo unakaa kwenye nyuzi pia, na kila ukifua unaongezeka. Sabuni ya unga haiathiriki sana hivyo. Kwa nepi, tumia ya unga, au weka akiba ya maji ya mvua kwa suuzo la mwisho.

Nne, jiki. Kamwe usimwage dawa yenye klorini kwenye ndoo yenye nepi za mkojo. Klorini na amonia vinatengeneza gesi ya kloramini inayodhuru mapafu. Suuza kwanza mpaka harufu iishe. Hata baada ya hapo jiki inachosha lastiki na kava, kwa hiyo jua ndilo msaidizi bora wa kuondoa madoa.

Jaribio la dakika tano kabla ya kununua nyingi

Usinunue ishirini kwa mara moja. Nunua moja au mbili, zifue mara tano, halafu fanya hivi:

1. Pima nepi kavu kwenye mizani ya jikoni, kama unayo. Andika uzito.
2. Yeyusha nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji. Huo ndio mkojo wetu wa bandia.
3. Mimina mililita 90 sehemu moja, kwa sekunde kumi hivi. Yakitengeneza dimbwi na kukimbilia pembeni, kasi haitoshi.
4. Subiri dakika mbili, weka karatasi kavu ya chooni juu, kisha weka mfuko wa unga wa kilo 5. Karatasi ikilowa chapa, nepi hiyo haitavumilia mbeleko.
5. Endelea kumimina mpaka ianze kudondosha, pima tena. Gramu zilizoongezeka ni sawasawa na mililita. Ya usiku ifike angalau 250.
6. Ifue, ianike, tazama saa.

Hatua ya sita usiiruke. Nepi inayofaulu tano za kwanza na kufeli hiyo itakutesa masika yote.

Kwa upande wa kutosha mwilini, maneno "saizi moja kwa wote" yasikulaghai. Mtoto akianza kutembea, tumbo linapungua na mapaja yanabadilika. Lastiki ikae kwenye mkunjo wa paja pale inapokaa chupi, isiwe chini yake. Vidole viwili vyako vipite kiunoni. Alama nyekundu inayofutika baada ya muda mfupi ni ya kawaida, isiyofutika maana yake umebana sana. Na kama mtoto wako amejifunza kuvua nepi mwenyewe sebuleni mbele ya wageni, achana na mkanda wa kunata, chukua vifungo vya kubonyeza.

Ngapi, na kwa shilingi ngapi?

Mtoto wa umri huu anabadilishwa kama mara saba kwa siku. Ukifua kila siku na nguo zikakauka siku hiyohiyo, vitambaa 14 vinatosha: saba mwilini, saba kambani. Masika, vikichukua siku mbili kukauka, unahitaji 21. Makava ni machache zaidi, matano au sita, kwa sababu likilowa mkojo kidogo unalifuta na kulipumzisha. Ongeza pedi tatu za mianzi au hempu za kuongezea usiku.

Tuseme pampasi moja ni shilingi 500 na unatumia tano kwa siku. Hiyo ni 75,000 kwa mwezi. Tuseme makava sita ni 72,000, vitambaa 21 ni 63,000, na pedi tatu ni 15,000: jumla 150,000. Tuseme sabuni na maji vinakula 20,000 kwa mwezi. Kila mwezi unaokoa 55,000, na mtaji unarudi ndani ya miezi mitatu. Weka bei za mtaani kwako na urudie hesabu. Kama unanunua maji kwa ndoo, namba ya maji inaweza kubadilisha jibu lote, kwa hiyo usiifiche. Na hesabu haina safu ya mikono ya anayefua. Kabla ya kuamua, mkae na baba mtoto, mseme wazi ni nani anafua siku gani.

Kuhusu mazingira, nepi za kitambaa hazishindi zenyewe tu. Mwaka 2008 ripoti ya Wakala wa Mazingira wa Uingereza ilikadiria kwamba kwa miaka miwili na nusu ya mtoto mmoja, nepi za kutupa hutoa hewa ukaa sawa na kilo 550, na za kufua kilo 570. Karibu sare! Tofauti ilitokana na ufuaji: kujaza mashine, kuanika nje na kurithisha mtoto wa pili kulipunguza kama kilo 200, wakati kukausha kwa mashine ya umeme kuliongeza mno. Tathmini mpya ya serikali yao ya mwaka 2023 ikaziweka za kufua chini kwa asilimia 25. Namba hizo ni za kwao, wenye umeme wao na mashine zao. Ila linaloamua ni kukausha, na sisi kamba na jua tunavyo.

Si lazima iwe yote au hakuna

Mtoto akiharisha, mkisafiri kwa basi, maji yakikatika siku nne, vaa pampasi bila kujihukumu. Familia nyingi zinatumia kitambaa mchana na pampasi usiku, na kwa sayansi tuliyoiona hapo juu mpangilio huo una mantiki.

Pia kumbuka poti. Mwaka 1977 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa deVries na deVries kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya, ambao mama zao huanza kumzoesha mtoto kujisaidia kwa ishara tangu wiki za mwanzo, wakitarajia awe mkavu kwa kiasi kizuri, mchana na usiku, akifika miezi mitano au sita. Si lazima uige yote. Lakini mtoto wa miezi kumi akishikiliwa kwenye poti mara tu anapoamka, ule mkojo mkubwa kuliko yote ya siku haufiki kwenye nepi kabisa.

Dada yangu hakununua nepi mpya. Alitoa zile pedi za maikrofaiba, akazifanya vitambaa vya kufutia meza, akakata kanga mbili za zamani, akazikunja ndani ya makava yaleyale. Mchana zinamtosha. Usiku wiki ya kwanza zilivuja, akaongeza pedi moja ya mianzi chini. Mwezi wa nne mvua ilimshinda siku tatu, akanunua pampasi pakiti moja. Upele uliondoka baada ya kuacha kusubiri "tukifika nyumbani".